Mahindi yamechoka au udongo umeondoka? Dalili za shambani, chanzo chake na cha kufanya

Msimu ukikaribia maswali yanakuwa yale yale, jamani mahindi yangu yana unjano niweke mbolea gani, zamani eka hii ilikuwa inanipa gunia 15 sasa hivi hata 6 sifikishi, mbegu hizi za siku hizi ni feki au vipi. Na majibu nayo ni yale yale, weka UREA, badilisha mbegu, piga busta ya majani. Mi naomba kabla hujatoa hela mfukoni ujiulize kitu kimoja tu, maji ya mvua yakianguka kwenye shamba lako yanaenda wapi? Manake kwa mkulima wa jembe la mkono mwenye eka moja mbili mpaka tano kwenye mteremko, matatizo mengi sana yanaanzia hapo, maji yanakimbia na yanaondoka na udongo, ule wa juu mweusi wenye mboji, na samadi uliyomwaga mwaka jana, na mbolea uliyonunua kwa mkopo.

Piga hesabu mwenyewe. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Mvua ikibeba udongo wa unene wa milimita moja tu, kitu ambacho kwa macho hukioni kabisa, hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 4, kwa uzito ni kama tani 5. Milimita moja! Lori zima la udongo limetoka kwako na hujastuka. Sasa fanya miaka kumi.

Vifaa vya kupimia ni vya bure: jembe au chepe, kipande cha nondo nyembamba, glasi ya maji, na koti la mvua. Koti la mvua kwa sababu siku nzuri ya kukagua shamba ni siku mvua kubwa inanyesha. Ingia shambani, simama, angalia maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Dakika 20 za hivyo zitakufundisha kuliko semina.

MAJI YANATOKA SHAMBANI YAKIWA NA RANGI YA CHAI YA MAZIWA

Hii ndo dalili mama. Dalili ndugu zake ni hizi: vijifereji vyembamba kati ya mistari, kokoto zinazidi kuonekana juu ya ardhi kila mwaka, mizizi ya mahindi imebaki nje, na kule chini mwisho wa shamba kuna udongo laini umejazana ambako mahindi ni marefu na ya kijani kuliko huku juu. Ukiona mahindi ya chini yamenawiri na ya juu yamedumaa, basi shamba lako la juu limehamia chini.

Chanzo cha kwanza angalia matuta na mistari yako. Kama umelima na kupanda kuelekea mteremko unakoshuka umeshayapa maji barabara ya kukimbilia. Watu wengi wanafanya hivyo kwa sababu ni rahisi kulima ukishuka, na wengine sababu kashamba kenyewe ni kembamba kamegawanywa kwa urithi kutoka juu kwenda chini, nawaelewa kabisa. Lakini hata kwenye kashamba chembamba unaweza kupanda mistari ya kukata mteremko, itakuwa mifupi na utageuka mara nyingi, basi.

Chanzo cha pili ambacho watu wanakisahau ni kwamba maji mengine si yako. Yanatoka barabarani, kwenye njia ya ng'ombe, kwenye bati la shule, kwenye shamba la jirani wa juu. Hapo hata ukijaza makinga maji kumi ndani ya shamba utakuwa unahangaika bure. Anza na mfereji wa kukinga pale juu kabisa mwa shamba, huo unaupa mteremko kidogo sana ili maji yatembee taratibu kwenda pembeni kwenye sehemu yenye nyasi, na hapa lazima ukae na jirani mkubaliane, ukimwelekezea yeye maji kimya kimya utakuwa umehamisha ugomvi sio umetatua tatizo.

Kama tayari kuna korongo limeanza kuchimbika, usilijaze takataka wala udongo, mvua ya kwanza itavizoa. Funga maji ya juu kwanza, halafu weka vizuizi vya mawe au vya fito na matawi kukatiza korongo, ukianzia juu kushuka chini. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati, ukikiacha sawasawa au katikati kukiwa juu maji yatazunguka pembeni na korongo litapanuka. Na umbali kati ya vizuizi: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kile cha juu. Panda matete au nyasi za vetiva kwenye udongo utakaonasa.

MAKINGA MAJI NILICHIMBA, KILA MASIKA YANABOMOKA

Hili swali nalipenda kwa sababu anayeuliza ameshafanya kazi, na kazi ya kuchimba fanya juu (mfereji ambao udongo wake unarushwa upande wa juu kuwa tuta) kwa mkono sio mchezo. Ametoka jasho wiki nzima, mvua moja ya usiku, asubuhi tuta limepasuka katikati na chini yake kuna shimo kubwa kuliko lilivyokuwa mwanzo. Ndo hapo mtu anasema hivi vitu vya wataalamu havifai.

Sababu kubwa kuliko zote nitakazotaja ni leveli. Macho yanadanganya kwenye mteremko, usiamini macho. Mfereji ukiwa na sehemu moja iliyolala chini hata kwa nusu futi, maji yote ya mfereji mzima yanakusanyika pale, yanapanda, yanapita juu ya tuta, na yakishapita basi limekatika.

Tengeneza fremu A, haihitaji fundi. Miti miwili iliyonyooka ya mita 2 na kidogo, ifunge pamoja juu, chini itanuke mita 2, katikati funga mti wa kukatiza ili ikae kama herufi A. Pale juu ning'iniza kamba yenye jiwe, jiwe liwe chini ya ule mti wa kukatiza. Sasa kuiseti: simamisha fremu kwenye ardhi yoyote, weka vijiti viwili pale miguu ilipokanyaga, kamba ikitulia weka alama kwenye mti wa kukatiza pale kamba inapogusa. Igeuze, mguu wa kushoto uje kwenye kijiti cha kulia na wa kulia kushoto, weka alama ya pili. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndo leveli yako. Kuanzia hapo unatembea nayo shambani, mguu mmoja umesimama kwenye kijiti cha mwisho, mwingine unautafutia mahali mpaka kamba iguse alama ya katikati, unachomeka kijiti, unageuza, unaendelea. Ukimaliza utaona vijiti vimejipanga kwa kupindapinda kufuata mlima, huo mstari ndo kontua. Unaweza kuulainisha kidogo kona zake ila usiunyooshe kwa kuona haya kwamba umepinda. Siku ya upepo acha hiyo kazi, kamba haitulii.

Sababu nyingine ni umbali. Makinga maji yakiachana sana, maji yanapata nafasi ya kukimbia na kupata nguvu kabla hayajakutana na kizuizi. Vuta kamba iliyo sawa kwa leveli mita 10 kuelekea chini, pima kutoka kwenye kamba mpaka ardhini pale mwisho, ikiwa ni mita 1 basi mteremko wako ni asilimia 10. Kwa asilimia 5 weka kinga maji kila mita 20 hivi, asilimia 10 iwe mita 13 au 14, asilimia 20 usizidishe mita 10. Mfereji wa fanya juu kwa kawaida ni sentimita 60 upana na 60 kina, udongo unarushwa upande wa juu wa mfereji, na kati ya ukingo wa mfereji na tuta unaacha kanjia ka sentimita 15 mpaka 30 ili udongo usirudi kuporomoka ndani. Jina lenyewe linajieleza, udongo unaufanya juu. Wakamba wa Machakos wamezichimba kwenye vilima vyao mpaka jina fanya juu likaenda dunia nzima, kuna mataifa hayajui neno lolote la Kiswahili ila hili wanalijua.

Halafu nyasi. Tuta lisilo na nyasi ni udongo tu uliorundikwa, hauna kinachoushika. Panda magugu tembo, majani ya Guatemala, vetiva au setaria juu ya tuta mwanzoni mwa mvua ile ile uliyochimbia, usisubiri mwaka kesho. Kama una ng'ombe au mbuzi hapo ndo umepata malisho, na kusema kweli nimeona matuta yanayodumu zaidi ni ya watu wanaofuga, kwa sababu tuta linawalipa kila wiki. Vetiva inashika udongo vizuri sana lakini ng'ombe haishabikii, kwa hiyo angalia unataka nini. Magugu tembo nayo yana ulafi, yanakula rutuba ya mstari wa mahindi ulio jirani, yakate mara kwa mara na usiyapande kwa upana.

Na mwisho kabisa, mifugo. Baada ya mavuno ng'ombe wa kijiji kizima wanaachiwa mashambani, wanapita juu ya matuta, wanayakanyaga yanalala. Hilo halitatuliwi na jembe. Linatatuliwa kwenye mkutano wa kijiji kwa sheria ndogo, na kama hamjawahi kulipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji basi mlipeleke.

TUTA NI ZURI, ILA MAHINDI YA KARIBU NA MFEREJI YAMEDUMAA

Ni kawaida na mara nyingi watu wanakata tamaa hapa. Ulipochimba ulitoa udongo wa chini, mwekundu au mweupe, usio na mboji, ukaumwaga juu ya udongo mzuri. Hapo mhindi hauna cha kula. Hili jambo lina historia kubwa, kule milima ya Uluguru Morogoro serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu kuchimba ngazi milimani, ngazi zikafukua udongo mbovu wa chini, mavuno yakashuka, na mwaka 1955 wananchi wakagoma na ikawa vurugu kubwa. Wale wazee hawakuwa wavivu wala wapinga maendeleo, walikuwa wameona kwa macho yao shamba linakataa kuzaa.

Cha kufanya, ukichimba tenga udongo wa juu pembeni kwanza, chimba, halafu urudishe juu ya eneo utakalopanda. Kama umeshachelewa, ule mstari uliodumaa upe samadi nyingi kuliko sehemu nyingine kwa misimu miwili na upande mbaazi, ngwara au maharage badala ya mahindi.

Na kama mlima wako ni mkali sana, angalia wanachofanya Wamatengo kule Mbinga. Ngoro zao zina zaidi ya miaka 100 na bado zinalisha watu kwenye miteremko ambayo wengine wangesema haifai kulimwa. Wanafyeka majani, wanayalaza kwa mistari ya kukatana mpaka yanatengeneza maboksi, halafu wanachimba udongo wa katikati ya kila boksi na kufunika yale majani. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta yenye majani yanayooza ndani yake, maharage yanapandwa juu ya matuta kwenye mwezi wa tatu, na mahindi yanafuata kwenye mvua za mwisho wa mwaka. Maji yananaswa kwenye shimo, mboji inatengenezwa pale pale, hakuna udongo unaosafiri. Mi naona hii ni elimu kubwa kuliko inavyopewa heshima.

MVUA INANYESHA VIZURI ILA MBEGU ZINATOKA KWA KUBAHATISHA

Angalia uso wa ardhi siku mbili baada ya mvua. Kama kuna ukoko mgumu unaobanduka kama kigae, tatizo ni hilo. Matone ya mvua yanapiga udongo mtupu, yanavunja chembechembe, zile laini zinaziba vitundu, jua likiwaka panakuwa saruji. Mche unahangaika chini unajikunja, na mvua ijayo maji hayaingii, yanateleza.

Pima hivi: chukua donge la udongo mkavu saizi ya karanga, lidumbukize kwenye glasi ya maji taratibu, usitikise. Chukua donge lingine kutoka chini ya mti au kwenye nyasi ambako hapajalimwa, lidumbukize kwenye glasi nyingine. Subiri dakika tano. La porini linabaki zima au linamomonyoka kidogo kidogo, la shamba lililochoka linasambaratika hapo hapo maji yanakuwa tope. Hiyo tofauti unayoiona ni mboji. Hakuna mbolea ya gunia inayorudisha hiyo, inarudishwa na mabua, samadi, majani na mizizi.

Na usichome mabua. Najua kusesa na kuchoma kunasafisha shamba na kupanda kunakuwa rahisi, na wengine mnachoma kwa ajili ya panya na viwavi, lakini unachochoma ndicho kilichokuwa kikukinge na ukoko. Kama umelazimika kuyaondoa kwenye mstari wa kupandia, yalaze kati ya mistari.

Kwa sehemu zenye mvua haba kama Dodoma, Kongwa, Manyoni, kuberega tu, yaani kusafisha shamba juu juu bila kulima, halafu unapanda ni balaa, udongo wa kule ukikauka unakuwa jiwe. Wale Waingereza wa mradi wa karanga wa Kongwa walioanza mwaka 1947 walileta matrekta kibao, udongo ukawalia majembe, mvua zikawakataa, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Wakulima wa Chololo pale Dodoma wakapata njia ya mashimo madogo, upana kama sentimita 22 na kina kama 30 hivi, unatia samadi na majani makavu humo ndani, mvua ikinyesha kila shimo linakuwa na maji yake na mche unatokea kwenye udongo laini. Kazi ni nyingi mwaka wa kwanza tu, mwaka unaofuata unatumia mashimo yale yale.

JUA SIKU TANO TU MAHINDI YAMESHASINYAA, YA JIRANI YAMESIMAMA

Chomeka nondo ardhini siku mbili tatu baada ya mvua. Ikiingia laini kisha ikagonga kitu kigumu kwenye sentimita 15 mpaka 20, halafu ukisukuma sana ikapenya tena kukawa laini, umekutana na gamba. Hakikisha kwa kuchimbua mhindi mmoja taratibu uangalie mizizi, ukiona imeshuka vizuri halafu ikapinda ghafla na kutambaa pembeni kama mguu wa kiti umekanyaga sakafu, basi hamna ubishi.

Gamba linatengenezwa na jembe lenyewe, kulima kina kile kile miaka nenda rudi, plau la ng'ombe au diski ya trekta, hasa ukilima udongo ukiwa bado una maji maji. Hata jembe la mkono linatengeneza gamba, lake linakuwa juu zaidi.

Dawa yake ni kutindua. Ripa ya kukokotwa na ng'ombe inapasua mstari mmoja tu pale utakapopanda, bila kugeuza udongo, na inafanywa kiangazi ardhi ikiwa kavu ili gamba lipasuke, ukitindua udongo ukiwa na unyevu ncha inapita tu kama kisu na hakuna kinachopasuka. Kama huna ripa wala ng'ombe, chimba mistari au mashimo ya kupandia kwa sururu kupita lile gamba, nusu eka mwaka huu nusu mwaka kesho. Halafu panda mbaazi pamoja na mahindi. Watu wa Babati na Karatu wanajua hili siku nyingi, mbaazi ina mzizi unaoshuka chini sana, mahindi yakivunwa yenyewe inabaki shambani inaendelea kukua, inaangusha majani, inakupa hela na inapasua udongo. Ila kaa mkao wa kugombana na mbuzi.

Ukishatindua usirudi kulima shamba zima mwaka unaofuata, gamba litarudi na utakuwa umepoteza nguvu zako.

NIMEWEKA MATANDAZO, MAMBO YAMEKUWA MABAYA ZAIDI

Kuna malalamiko matatu na yana ukweli.

Mahindi yamekuwa ya njano: ni kweli inatokea, hasa mabua yakiwa yamefukiwa. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinahitaji naitrojeni, vinaichukua kwenye udongo na mhindi unakosa kwa muda. Usifukie, yaache juu, na mbolea ya kukuzia iwahi kidogo, au changanya na majani ya jamii ya mikunde.

Mchwa: wanakula mabua makavu. Wakiwa na mabua ya kutosha ardhini mara nyingi wanaacha mahindi mabichi, wakikuta shamba jeupe ndo wanapanda kwenye shina. Wanakata zaidi mahindi yaliyokaribia kukomaa na yenye kiu, kwa hiyo vuna kwa wakati.

Mabua hayabaki, yameliwa na ng'ombe: hapa sina jibu la kukupa likamaliza kila kitu. Mfugaji anayahitaji kweli. Kama ng'ombe ni wako, kata sehemu ya juu ya bua yenye majani uwape, sehemu ya chini ngumu ibaki shambani, na samadi irudi. Kama ni wa wengine, panda ngwara au mbaazi ya kufunika ardhi baada ya palizi ya mwisho, shamba lenye zao lililosimama kwa vijiji vingi haliingizwi ng'ombe.

MAJANI YAMEBADILIKA RANGI

Hapa ndo watu wanakimbilia duka la pembejeo. Angalia kwanza ni majani ya chini (ya zamani) au ya juu (machanga), na unjano umekaaje.

Unjano wa umbo la V unaoanzia ncha ya jani la chini na kurudi katikati ya jani ni njaa ya naitrojeni. Zambarau kwenye kingo na mashina ya miche midogo ni fosforasi, ila ikiwa ni wiki za mwanzo na kuna baridi, kama Makete au Njombe, subiri kidogo, mara nyingine mizizi inashindwa tu kuchukua na joto likirudi inapona. Kingo za jani la chini zimeungua kama zimepigwa moto, hiyo ni potasiamu, na hii inaonekana sana kwa wanaotoa mabua yote shambani miaka mingi, kwa sababu potasiamu nyingi iko kwenye mabua. Michirizi mipana myeupe karibu na kitako cha majani machanga ni zinki.

Sasa rudi kwenye nondo na jembe. Kama unjano upo kwa mabaka, sehemu za mteremko tu au sehemu maji yanakotuama tu, tatizo ni udongo uliohama au mizizi kukosa hewa, mbolea itakusaidia mwaka huu tu. Na ukiweka UREA, ifukie sentimita 5 hivi, pembeni ya shina, ardhi ikiwa na unyevu. Ukiimwaga juu kwenye jua inapaa kuwa hewa, ukiimwaga kwenye mteremko kabla ya mvua kubwa inaenda bondeni. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, inauma kuzipoteza kwa kuogopa kuinama.

KIDUHA KIMEINGIA

Mimea midogo yenye maua mazuri ya zambarau au mekundu chini ya mahindi yaliyodumaa. Ukikiona kimetoka juu ujue kimeshanyonya mizizi wiki kadhaa. Kiduha kimoja kinatoa maelfu kwa maelfu ya mbegu kama vumbi na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri mahindi au mtama. Kinapenda udongo uliochoka, ndo maana nimekiweka kwenye mada hii.

Ng'oa kabla hakijatoa maua, kila mwaka, bila kuchoka. Weka samadi. Msimu mmoja panda soya, karanga au alizeti badala ya mahindi. Na njia iliyofanyiwa utafiti sana upande wa Ziwa Victoria, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Mbita Kenya, ni kupanda desmodiamu (malisho ya jamii ya mikunde yanayotambaa) kati ya mistari ya mahindi na magugu tembo au brakaria kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu inaizuia kiduha, majani yake yanafunika ardhi na kuongeza naitrojeni, harufu yake inafukuza funza wa shina, nao wanakimbilia majani ya pembeni. Udongo unatulia, ng'ombe anakula. Tatizo ni mbegu ya desmodiamu, haipatikani kirahisi na inaanza kukua taratibu, kwa hiyo msimu wa kwanza palilia kwa makini usije ukaing'oa ukidhani ni majani.

MBOLEA NAWEKA YA KUTOSHA, MAJI NIMESHAZUIA, BADO MAHINDI HAYAITIKII

Hapo shuku tindikali. Mizizi inakuwa mifupi, minene, kama imekatwa ncha, matawi madogo hamna, na DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, unaweka ila zambarau haiishi. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5 madini ya aluminiamu yanaanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi inashikwa na udongo isitoke. Inatokea sana Nyanda za Juu Kusini kwenye mvua nyingi, na mbolea za SA (salfeti ya amonia) miaka mingi mfululizo zinaharakisha, UREA na DAP nazo zinachangia japo kwa kiasi kidogo zaidi. Dawa ni chokaa ya kilimo, unaimwaga na kuichanganya na udongo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, na hapa usikisie kiasi. Ukizidisha unafunga zinki na madini mengine, na kutoka hapo ni safari ndefu.

Kwa hiyo pima udongo, vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI Mlingano na TARI Uyole na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) wanapima, na afisa ugani wako anaweza kukuelekeza pa karibu zaidi. Sampuli chukua kabla hujaweka mbolea wala samadi. Tembea shambani kwa kupinda zigizaga, chota sehemu 10 mpaka 15, kila sehemu kuanzia juu mpaka sentimita 20, ruka ulipokuwa unachoma takataka, zizi la zamani, kichuguu na juu ya tuta la kinga maji. Changanya zote kwenye ndoo safi ya plastiki ambayo haikuwekewa mbolea, chukua nusu kilo, anika kivulini, funga kwenye mfuko. Kama shamba lina sehemu ya juu nyekundu na ya bondeni nyeusi, ni sampuli mbili tofauti. Kwenye karatasi andika kina ulichochukulia, ulipanda nini misimu miwili iliyopita, uliweka mbolea gani, na kama shamba liko mlimani au bondeni.